Mablanketi ya Kibanda cha Juu

Kibandani, 11 Februari

Wifi yangu,

Pokea salamu za huku juu, ambako hata salamu hutoka zimeshapoa. Mimi mzima, ila magoti yana mambo yao. Mtu wa punda, mpandisha mizigo na barua zetu, ni mzima, na punda wake wazima isipokuwa yule mweupe, anakohoa kama mvuta tumbaku. Wapanda mlima wanakuja na kuondoka, wananiachia soksi moja moja na kuniibia vijiko. Natumaini na wewe huko kufulia hujambo, na mashuka ya hospitali bado hayajakumaliza.

Sasa tuache mchezo. Binti yako yuko kwangu. Alifika juzi pamoja na punda, amelowa chapachapa, nikadhani ni mgeni kama wageni wengine mpaka alipovua kofia. Moyo ulinipasuka, nikajua ameleta msiba mwingine. Usiwe na hofu, anakula na analala. Ila wifi, yule Chiriku tuliyempa jina hilo kwa sababu ya domo lake, sasa hasemi. Maneno nimemtoa moja moja, kama mtu anayeng'oa misumari.

Anasema siku mliyomzika baba yake hukutoa hata chozi. Watu wanaanguka, wanashikwa, wewe umesimama unaelekeza viti vipangwe wapi. Hilo anasema angelimeza. Lakini asubuhi iliyofuata aliamka akakuta kamba yote ya uani imejaa nguo za baba yake. Mashati, suruali, koti la karakana, hata kofia. Umefua, umesuuza, umeanika. Alipita akizinusa moja baada ya nyingine, baba yake hamo. Alipokuuliza kwa nini, ulimjibu, "Zilikuwa chafu."

Mimi sikuwepo. Mvua ilikuwa imekata njia, na habari ilinifikia mkiwa mmeshamaliza kumfukia kaka yangu. Kwa hiyo siwezi kukufundisha ungesimamaje. Lakini nguo zote, wifi! Hata moja hukuniachia!

Anasema harudi. Nyumba ya shangazi yake ni yake, simfukuzi. Lakini usiku ule wa kwanza nilimtazama alivyojikunja, nikaona huyu bado ni mtoto wa mama yake. Mwandikie.

Ni mimi, yule yule mwenye kelele.


Nyumbani, 2 Machi

Wifi,

Barua nimeipata. Mimi nipo. Kazini mashine moja ya kukausha imekufa, kwa hiyo tunaanika mashuka juu ya paa la wodi ya wazazi. Njiwa wanayachafua, tunafua tena. Msimamizi ameota jipu mahali ambapo hawezi kukaa. Mama yangu hajambo. Majirani wamenunua redio kubwa. Hayo ndiyo mapya.

Asante kwa kumpokea.

Ni kweli sikulia. Nilingoja. Nilidhani yatakuja kaburini, hayakuja. Nikadhani yatakuja wageni wakishaondoka, wakaondoka. Umewahi kuchomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno? Unagusa shavu lako, unaona ni la mtu mwingine. Mimi niko hivyo mwili mzima. Nakula kwa sababu muda wa kula umefika. Wanaosema wanasema, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Habari ya nguo. Kazi yangu ni kufua. Nguo ikivuliwa inafuliwa. Niliamka, kapu limejaa, nikafua. Nilikuwa nimefika kwenye koti la mwisho ndipo nikamwona Chiriku amesimama mlangoni. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwambie arudi nyumbani. Chumba chake nimekifagia.

Nina swali moja, usinikasirikie. Wewe ulilia lini?

Wako, mama Chiriku.


Kibandani, 20 Machi

Wifi yangu,

Salamu kwako na kwa mama, na pole kwa jipu la msimamizi, ingawa nimecheka mpaka mtu wa punda akaniuliza kama niko salama. Huku baridi imeongezeka. Tumepata mlango mpya wa choo, haufungi, lakini mpya.

Barua yako nilimpa Chiriku aisome mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia, akaenda kupasua kuni. Alipasua za wiki nzima. Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi. Panda uje.

Usinune. Najua hujawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za hospitali. Sikiliza. Gari litakufikisha machimbo ya kokoto. Hapo utamkuta mwongozaji tunayemwita Polepole, kwa sababu hilo ndilo neno lake tangu asubuhi hadi jioni. Jiunge na kundi lake, usije peke yako kama mbuzi aliyekata kamba. Siku ya kwanza ni msitu wa misonobari. Utasema, "Kumbe ndiyo hii tu," na utanisengenya. Mtalala banda la wakata mbao.

Siku ya pili ni genge lenyewe, sisi tunaliita Ukuta. Limesimama wima kama ukuta wa nyumba, na ngazi zimechongwa kwenye jiwe. Penye utelezi kuna mnyororo. Wifi, mnyororo ule usiuachie hata kama nyuki amekuingia sikioni. Usitazame chini, usitazame juu, tazama makalio ya aliye mbele yako. Kila mtu hufanya hivyo ila hawasemi. Mtalala pangoni. Siku ya tatu mnafuata ukingo wa genge. Kushoto ni hewa tupu, kwa hiyo tembea kulia, hata kama kulia ni matope. Mkiona moshi, ni wangu.

Buti zinunue sasa, uanze kuzivaa kazini, ukija na buti mpya zitakula miguu. Vaa soksi mbili mbili, nyembamba ndani, nzito nje. Beba koti la mvua, siyo mwavuli. Mwaka jana mama mmoja alikuja na mwavuli, upepo ukauchukua, nadhani bado unasafiri. Blanketi usibebe. Ninayo ya kutosha kila mgeni mawili, ya sufu, mazito, na ndiyo yanayowaweka watu hai huku usiku. Na usijaze sabuni mfukoni, nakujua.

Njoo kabla baridi haijawa kali. Mtoto bila mama yake huota pembe.

Wifi yako, mwenye moshi.


Kibandani, 24 Aprili

Wifi,

Salamu fupi, maana na mimi nimeumia. Mtu wa punda ameshapanda mara tatu mikono mitupu. Unaumwa? Umehama? Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi mshindo sijausikia bado.

Chiriku haulizi kitu. Ila kengele za punda zikisikika huacha anachofanya, hutoka, husimama karibu na mzigo unaposhushwa, kisha hurudi ndani. Jana aliunguza sufuria nzima ya uji wa wageni kwa ajili ya kengele.

Wanasema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wewe humchelei, na hulii. Sasa niseme uko upande gani?

Wifi yako.


Nyumbani, 9 Mei

Wifi,

Naomba radhi kwa kimya. Siumwi. Nilikuwa nakaa na kalamu, kisha naona muda wa kulala umefika. Mama anakusalimu. Redio ya majirani imeharibika, sasa wanagombana wenyewe.

Nimenunua buti. Nazivaa kazini kama ulivyosema. Nimesimama kwenye meza ya pasi, gauni la kazi, aproni, na buti za mlimani, mpaka daktari mmoja akauliza kama kuna mafuriko. Wenzangu wananiita Askari. Zamu ikiisha napanda ngazi za jengo la wagonjwa hadi juu kabisa, nashuka, napanda tena, nimebeba furushi la mashuka ili nionekane nina kazi. Miguu imeanza kukaza.

Likizo nimepewa mwishoni mwa mwezi huu. Nitakuja na kundi la Polepole.

Unaniuliza niko upande gani. Niko upande wa kuja kumchukua mwanangu. Akikataa, nitakuwa nimemwona. Nyumba ina vyumba vitatu, wifi, na sasa natumia jiko tu. Nimeuliza watu kama Ukuta unatisha, wote wanasema unatisha sana. Ningependa kuogopa.

Nguo za baba yake ziko kabatini, zimekunjwa. Zinanuka sabuni. Siji nazo.

Swali langu hukunijibu.

Mama Chiriku.


Nyumbani, 12 Juni

Wifi,

Nimefika. Kucha mbili za mguu zimekuwa nyeusi, na lengelenge la kisiginoni limepasuka. Nesi wa wodi ya tatu alilifunga huku akicheka. Mama anauliza kama ni kweli kwamba kwenu ndege wanaruka chini ya miguu ya watu. Nimemwambia ni kweli, amekasirika, anadhani namfanyia mzaha. Mashine ya kukausha imetengenezwa. Imekufa nyingine.

Najua bado umekasirika. Barua hii ni ya kuomba radhi kwa ajili ya mablanketi. Lakini siwezi kuomba radhi bila kueleza, na ili nieleze lazima nianzie chini.

Msitu ulikuwa kama ulivyosema, na nilikusengenya. Kundi letu lilikuwa la walimu wawili wa kike waliobishana juu ya ramani njia nzima, na fundi saa mmoja mstaafu na mkewe. Fundi saa alikuwa akisimama kila kona eti anatazama miti, kumbe anatafuta pumzi, na mkewe anamwambia, "Itazame vizuri, baba, itazame vizuri." Waliniuliza mimi napanda kwa ajili gani. Nikasema naenda kumwona binti yangu. Wakasema, "Hongera!" Nikasema asante.

Kwenye Ukuta sikuogopa, na hilo lilimtisha Polepole. Penye mnyororo wenzangu walikuwa wanamtaja Mungu na mama zao. Mimi kitambaa kilikuwa kinanivuka kichwani, nikauachia mnyororo nikifunge. Nilitumia mikono yote miwili. Nikasikia Polepole akipiga kelele, "We mama! Mama! Shika!" Nikashika. Jioni pangoni alikuja akakaa karibu yangu, akazungumza habari za mvua na za watoto wake, halafu akaniuliza kama nyumbani nina mtu. Nilielewa anachouliza. Nikamwambia, "Bwana, sikuja kujirusha. Nilijisahau tu." Alisema sawa. Kesho yake alinifunga kamba kiunoni, yeye mbele mimi nyuma, tukafuata ukingo wote hivyo. Sikukataa, wala sikuona aibu.

Ulinionya nisitazame chini, nikatazama bondeni. Ni pazuri. Yale mashamba yote, na mto, na kivuli cha wingu kikipita juu yake. Wale walimu walishikana mikono wakalia kwa uzuri wake. Wifi, watu wazima wawili wanalilia mandhari, na mimi mjane nimesimama pembeni nafikiri kwamba soksi zimelowa.

Tulipofika, wewe ulikuwa umeshuka stoo ya chini kufuata gesi. Chiriku alikuwa mlangoni. Amerefuka, au amekonda. Nilisema, "Mwanangu." Hakunipa hata shikamoo. Alituambia sote karibuni, akawapa wenzangu chai, akanipa na mimi kikombe kama chao, akatoka kwa mlango wa nyuma. Wenzangu wote walitazama vikombe vyao. Mke wa fundi saa alinishika bega, nikamwambia chai ni nzuri.

Sikujua nikae wapi wala mikono niifanyie nini. Niliingia chumba cha kulala kuweka mfuko, nikaona mablanketi. Usinikasirikie mara mbili, wifi, lakini yalikuwa yananuka. Moshi, punda, miguu ya watu wa kila aina. Na jua lilikuwa linawaka. Huku kwetu jua kama lile likiwaka, shuka la kwanza linakauka kabla hujaanika la mwisho. Niliyatoa yote. Nikajaza pipa lako kubwa, nikaloweka, nikaingia mwenyewe nikayakanyaga kwa miguu. Walimu walikuwa wanapiga mayowe kwa kunitazama tu, maji yale ya baridi kali yametoka kwenye jiwe. Mimi miguu sikuisikia.

Lakini blanketi la sufu likilowa halimtii mtu mmoja. Kazini kuna mashine ya kukamua. Nyumbani alikuwa marehemu ndiye anayenishikia upande wa pili. Kila mtu anazungusha kwa kulia kwake, ndivyo linavyokamuka, na yeye siku zote alizungusha kushoto, blanketi linazunguka tu hewani kama kamba ya watoto wa kuruka, mpaka nimgombeze. Miaka yote hiyo hakujifunza. Kwako nilifunga ncha moja kwenye nguzo ya kamba, nikazungusha nyingine. Fundo likateleza. Nikafunga tena, likateleza. Nikafunga tena. Fundi saa alitaka kunisaidia, mkewe akamvuta kwa shati. Kisha halikuteleza. Nilipogeuka, nilimwona Chiriku amelishika.

Hakunitazama. Alizungusha, akazungusha kushoto, kama baba yake. Sikumgombeza. Nikageuza mkono wangu mimi, nao ukaenda kushoto, maji yakatoka. Tukakamua yote hivyo, hadi ulipotokeza na mtungi wa gesi mgongoni ukapiga ule ukelele.

Sikujua kwamba kwenu jioni jua likigusa mlima tu ukungu unapanda na hakuna kinachokauka tena. Ningejuaje? Nakuomba radhi kwa wageni wako kulala jikoni wamevaa makoti, wamebanana kama njiti za kibiriti. Namwomba radhi fundi saa, aliyelala karibu na mlango.

Chiriku alilala mgongo wake kwenye mgongo wangu, kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Mgongo ule niliusikia, wifi. Ulikuwa na joto. Tangu siku ya mazishi sikuwa nimesikia kitu chochote mwilini mwangu, nao niliusikia. Nilikaa macho ili nisijigeuze.

Asubuhi alinibebea mfuko mpaka njia inapofika ukingoni. Aliuweka chini. Akasema, "Polepole ameniambia ulichofanya kwenye mnyororo." Nikauinua mfuko. Akasema, "Usirudie." Akaondoka haraka.

Sijamwandikia barua yake mwenyewe. Nikianza naona nitaandika habari za mashine ya kukausha. Mwambie wakati wa kushuka niliushika mnyororo kwa mikono miwili.

Mama Chiriku.


Kibandani, 4 Julai

Wifi mfua mablanketi,

Salamu kwako, kwa mama, na kwa kucha zako. Mimi mzima. Punda mweupe amepona kikohozi, sasa anauma wageni. Polepole anakusalimu, na anasema ukija tena atakufunga kamba kuanzia kwenye machimbo.

Mablanketi yako yalikauka wiki iliyofuata. Wiki! Nimeyaanika juu ya jiko, kwenye viti, mgongoni mwa punda, mawili yameungua. Kila jioni nilikutukana kwa jina lako na la ukoo wenu. Sasa wageni wanayanusa wanasema kama wako hotelini, na jana mmoja ameniuliza ninampa nani afue. Basi, nimekusamehe nusu. Nusu nyingine iko njiani.

Sasa tuje kwa lile uliloruka. Umeandika mpaka habari za kisigino, lakini habari ya sweta hukuigusa.

Na mimi niliruka, kwa hiyo nianze mimi. Kaka alipopanda mara ya mwisho kunirekebishia milango, aliliacha hapa sweta lake la kahawia. Lilikaa msumarini. Chiriku alipofika alilivua pale msumarini kabla hata hajavua koti, na tangu siku hiyo lilikuwa chini ya mto wake. Sikukuambia, kwa sababu niliogopa ungesema lishushwe lifuliwe. Ndiyo, niliogopa hivyo.

Siku ile Chiriku alitoka kwa mlango wa nyuma, lakini hakwenda mbali. Alikuwa dirishani. Alikuona ukivua mablanketi kitanda kwa kitanda mpaka ukafika cha kwake, ukainua mto. Anasema nusura apige kelele. Wewe ulilichukua lile sweta. Ulilijua mara moja, maana viwiko vyake uliviziba mwenyewe. Ukaketi kitandani nalo mapajani. Hukulinusa, hukulikumbatia, uliketi tu, mpaka chai ya wenzako ikaisha. Kisha ukalikunja ule mkunjo wenu wa hospitali, mikono nyuma na kola juu, ukalirudisha chini ya mto, ukachukua blanketi lake ukatoka. Ndiyo maana alikuja kukushikia. Ameniambia haya juzi tu, tukiwa tunamenya viazi, wala hakuacha kumenya.

Uliniuliza swali mara mbili, nikajifanya sikuliona. Sijalia, wifi. Mtu wa punda aliponiambia kaka yako amefariki na ameshazikwa, nilimpa chai, nikampa na punda maji, nikamaliza kupanga kuni. Kilichonijia ni hasira. Niliikasirikia mvua, na ilipokatika nikakukasirikia wewe, kwa sababu angalau ulipata kaburi la kusimama mbele yake. Nikakuandikia yale maneno ya machozi kama mtu aliyemwaga ndoo nzima. Chiriku ameishi nami miezi yote hii, hajaniona nikilia, na mimi hakunikimbia. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Wewe hukufua."

Jana ameniachia sweta. Nikaliweka usoni, nikangoja. Linanuka vanishi na linamnuka kaka yangu kabisa, kama amekaa hapa. Unajua nilichofikiri? Kwamba mlango wa stoo aliouacha bado unakwama. Hicho tu. Basi tuko wawili, na sijui nani atatufundisha.

Barua hii haiji kwa mtu wa punda. Anayekukabidhi ni Chiriku mwenyewe. Ameshuka na kundi la Polepole, miguu itakuwa inamuuma, na njiani huwa hali. Mpe chakula kwanza. Usimwulize kama amekusamehe, nimeshamwuliza mimi, akasema hajui. Nikamwuliza, sasa kama hujui, unashuka kufanya nini? Alikuwa amechuchumaa anafunga kamba za buti.

"Huko nani anamshikia upande wa pili?" akasema.

Nikamwambia, mwanangu, mama yako ana mashine za kukamua, hospitali nzima.

"Nyumbani, shangazi," akasema. "Nasema nyumbani."

Amemaliza kamba, amesimama mlangoni ananingoja. Naifunga barua.

Wifi yako.